Kishingo na Tundu la Ufunguo

Mimi nikisema mlango umefunga, umefunga. Miaka thelathini na minne nimechonga makabati pale Mirongo, Mwanza, na hakuna mteja aliyewahi kunirudia akilalamika kwamba mende wameingia kwenye nguo zake. Nasema haya mwanzo kabisa ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani. Kosa nililolifanya mimi, mjinga asingeliweza. Lilihitaji fundi.

Mambo yalianzia msibani, Magu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaharusi, alifariki mwezi wa tatu, na siku ya pili ya matanga, nyumba ikiwa bado imejaa watu, kuku wake waligoma kula. Walikuwa wanne tu: jogoo mwekundu, kibwenzi mwenye kishungi kichwani, kibutu asiye na mkia, na kishingo, yule ambaye shingo yake yote ni ngozi tupu, haina hata unyoya mmoja. Walijibanza nyuma ya pipa la maji. Watu wakawamwagia mtama, wakawaita kwa kila namna waliyoijua. Wapi! Ndipo mke wangu Bushra alipotoka ndani, macho yamemvimba kwa kulia, akasimama mlangoni akaita kama mama yake alivyokuwa akiita kila jioni: "Tiii-ti-ti-ti, tiii-ti-ti-ti," sauti ikianzia juu na kushuka taratibu.

Kuku wote wanne walitoka mbio wakamjia miguuni. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele waliacha kuchambua. Sauti ilikuwa ile ile ya marehemu, haikupungua wala kuzidi, na mimi nilisisimka mwili mzima mchana kweupe.

Arobaini ilipopita, mabinti waligawana vitu vya mama yao. Nusrat, mdogo wake Bushra, alichukua cherehani. Bushra alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kuku.

"Kuku?" nilimwuliza pembeni. "Mama Yassin, mwenzako kabeba cherehani, wewe unabeba kuku?"

"Tangu napata akili, uani kwa mama hakujawahi kukosekana kishingo," alinijibu. "Akifa mmoja, yupo binti yake. Huyu unayemwona, bibi yake nilimlisha mimi kabla sijaenda shule. Cherehani mama aliinunua dukani, Baba Yassin. Hawa aliwalea."

Niliwatia kuku kwenye tenga kwa mikono yangu mwenyewe. Na moyoni nilijiapiza kwamba kama ni kuku, basi watalala mahali ambapo hajawahi kulala kuku yeyote wa Mwanza.

Nyumba yetu iko Buhongwa, na ua tunao wa kutosha. Jirani zetu wanajenga mabanda ya mabanzi na mabati yaliyotoboka, na kila wiki unasikia kicheche kaingia kwa fulani, kenge katoka kwenye mawe kala mayai ya fulani. Mimi nikawacheka. Nilichukua mninga niliokuwa nimeutunza karakana kwa miaka miwili nikisubiri mteja wa maana, na plaiwudi nene, nikafanya kazi siku nane. Banda lilikuwa refu kunishinda. Ndani niliweka fito tatu za kulalia nilizozipiga msasa zikawa laini, na viota vinne vyenye vizuizi vya mbele ili mayai yasiporomoke. Viungo vyote vilikuwa vya kupachika, msumari haukuonekana. Na kila ufa, hata ule wa kupita ukucha, niliuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mlango ulikuwa na bawaba za shaba na kitasa cha ufunguo. Ukiusukuma unasikia "fuu", ule mlio mtamu wa hewa kubanwa, ambao fundi akiusikia anajua amemaliza kazi.

Jirani walikuja kulitazama. Mmoja alisema angekuwa yeye angehamia humo na familia yake. Nilivimba kichwa, sikatai. Nikaenda sokoni nikaongeza machotara watatu wenye miili mikubwa, ili banda lifanane na wakazi wake.

Siku ya mwisho, nikiwa napaka vanishi mkono wa tatu, Bushra alikuja akazunguka banda mara mbili. Akachungulia ndani.

"Sasa wanapumulia wapi?"

"Nguo zako zinapumulia wapi kabatini?" nilimjibu, na nikacheka peke yangu.

Hakucheka. Lakini alikuwa na desturi ya kuniachia mambo ya mbao, kama mimi nilivyomwachia mambo ya jikoni. Magharibi tuliwaingiza kuku wote saba. Vanishi ilikuwa bado inanata kidogo kwenye vidole. Nikafunga kwa ufunguo nikaenda kuswali.

Asubuhi niliamka na sikusikia jogoo. Nitakwambia nilichofikiri, ingawa naona aibu. Nilifurahi. Nilijisemea, tazama Shaibu ulivyojenga, hata sauti haitoki. Nikanywa chai yangu kwa utulivu, na kitumbua cha pili nikala.

Bushra ndiye aliyechukua ufunguo. Nilisikia mlango, kisha nikasikia anataja jina la mama yake.

Jogoo alikuwa chini, miguu juu. Kibwenzi na kibutu walikuwa wamelaliana kiotani, na chotara mmoja pembeni yao. Harufu ya vanishi na thina ilitoka humo ikanikaba koo nikiwa bado hatua tatu nje. Machotara wawili walijikokota kutoka, midomo wazi. Na kishingo alikuwa amesimama kwenye fito ya karibu na mlango, ameinyoosha shingo yake tupu mpaka mwisho, mdomo wake ameuchomeka kwenye tundu la ufunguo. Bushra alipoufungua mlango wote, kishingo alivutwa nao akaanguka mikononi mwa Bushra.

Sijawahi kulisahau hilo. Katika kazi yangu yote ya siku nane, mahali pekee palipobaki bila kuzibwa palikuwa tundu lile dogo, na ndege yule mwenye akili ya kuku alilitafuta gizani akalipata.

Alikuwa anakata roho, au niliona hivyo. Nilikimbia jikoni nikachukua kisu. Sisi kwetu mnyama akifa kibudu haliwi, na mkono wangu ulifanya ulichozoea: muwahi, mchinje kabla pumzi haijatoka. Nilifika na bismillahi mdomoni.

"Usimguse," Bushra alisema.

"Mama Yassin, anakufa huyu."

"Nimesema usimguse, Shaibu."

Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuniita jina langu hivyo. Kisu kilinielemea. Yeye akamweka kishingo juu ya jiwe kubwa lililo pembeni ya ua, mahali upepo wa ziwa unapopiga, akamkunjua mbawa, akamdondoshea maji mdomoni kwa ncha ya kidole, tone moja moja. Alikaa hapo bila chai mpaka adhuhuri. Adhuhuri kishingo alisimama.

Niliwazika wanne pembeni ya ukuta. Bushra hakuja kutazama.

Mtaani kwetu anakaa binti mmoja, Gladness, mtaalamu wa mifugo. Watu humwita bwana mifugo ingawa ni mwanamke, naye hajali. Alikuja alasiri hiyo nilipomwita, nikitumaini kwa moyo wangu wote kwamba ataniambia ni mdondo. Nilikuwa nauombea ugonjwa! Alinisalimu shikamoo, akawashika kuku watatu waliobaki, akawatazama macho na koo. Kisha akaingiza kichwa ndani ya banda na kukitoa haraka, macho yanamchuruzika.

"Huu si mdondo, mzee. Nani kajenga hili?"

"Mimi."

Alitazama viungo. Alipitisha kidole penye ufa ambao haukuwepo. Nadhani alitaka kusema maneno mengi, lakini alikuwa amelelewa.

"Ni kazi nzuri sana," alisema. "Lakini ni kabati."

Nikamwambia basi nitakwenda sokoni sasa hivi ninunue jogoo mwingine, kishingo apandwe, mambo yaendelee. Alitikisa kichwa. Sokoni mdondo umeingia, alisema, na huyu mapafu yake yameungua. Ukimletea ugonjwa leo hamalizi wiki. Halafu akamgeukia Bushra na kupunguza sauti.

"Mama, huyu ni mzee. Amepita miaka sita. Akijaliwa kutaga safari hii mshukuru Mungu. Nyingine usiitegemee."

Bushra aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kishingo wa Bi Mwanaharusi amebaki mmoja, mzee, mgonjwa, jogoo wake nimemzika siku hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyefunga mlango.

Siku nne baadaye Kishingo alitaga. Yai dogo, rangi ya chai ya maziwa. Nililikuta kwenye beseni ukumbini, maana kuku wote watatu walikuwa wanalala ndani kwetu na mimi sikuwa na uso wa kulalamika. Nikalipeleka jikoni.

"Kaanga tu," nilisema kinyonge. "Halina baba."

Gladness alikuwa amekuja kuwatazama. Alinyanyuka kwenye kigoda kana kwamba nimeshika bomu.

"Mzee, weka chini taratibu. Nani kakwambia halina baba?"

Ndipo akatueleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria naacha kazi. Kuku jike, alisema, hatunzi mbegu ya jogoo kwa siku moja tu. Anayo mifuko midogo mwilini, na mbegu hukaa humo hai wiki mbili, pengine na siku kadhaa zaidi. Jogoo anaweza kuwa amekufa, ameliwa, mifupa imetupwa, na huku nyuma mama anaendelea kutoa mayai yake, moja baada ya jingine.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwongo namjua. Nilimtazama binti yule usoni na sikuona uongo. Nikakumbuka eda. Mwanamke akifiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi, na tangu utotoni masheikh walituambia sababu mojawapo: huenda aliyeondoka ameacha kitu ambacho hakijaonekana. Nilimtazama kuku yule mbaya wa sura, anakuna shingo yake kwa ukucha pale kwenye zulia letu, nikaona haya mbele yake. Nilikuwa nimesimama na mjane.

"Mayai yenye baba yataisha lini?" Bushra aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu siku ile.

"Kila siku inayopita mbegu zinapungua nguvu. Andikeni tarehe."

Niliandika kwa penseli yangu ya useremala, ile nene. Bushra aliyapanga mayai kwenye bakuli lenye pumba za mpunga, chumbani, mahali pa baridi, na kila asubuhi aliyageuza. Siku nyingine Kishingo alitaga, siku nyingine hapana. Kwangu hakuna aliyekula yai mwezi ule, hata la chotara, kwa kuogopa kukosea.

Nami nilianza banda la pili. Nakwambia, hakuna kazi iliyowahi kunitesa kama ile. Gladness alichora kwenye mchanga: liinuke juu ya nguzo nne, nusu ya chini mbao, nusu ya juu wavu wa waya, na hata zile mbao ziachane. Ziachane! Mkono wangu ulikuwa unakataa. Ninaweka papi, ule ubao mwembamba, naweka ya pili, na bila kujua nimeshazibananisha. Nilizing'oa mara tatu. Mwisho nikahitaji kipimo, na vidole vyangu vimenenepa kwa nyundo, nafasi ingekuwa kubwa nyoka apite. Nilikwenda nikasimama mlango wa jiko.

"Mama Yassin, niazime kidole."

Alifuta mikono kwenye kanga. Kisha alikuja akachomeka kidole chake cha shahada kati ya papi mbili, nikapigilia msumari. Tukasogea. Akachomeka tena. Alasiri nzima tulikwenda hivyo, kidole, msumari, kidole, msumari, na nikigonga nilikuwa nagonga kwa uangalifu mkubwa kuliko niliotumia kwenye kazi yoyote ya mninga. Juu ya uwanja wa kuku wa kuchezea nilitandaza nyavu kuukuu nilizopewa na wavuvi wa Nyegezi, mwewe asishuke. Jua lilipoanza kushuka, upepo wa ziwa ulipita upande mmoja wa banda ukatokea upande wa pili, na nyasi za viotani zikatikisika. Halikuwa zuri. Lilikuwa linavuta pumzi.

Kishingo alifikisha mayai tisa, kisha akakaa. Alijitanua kiotani, akawa na hasira kama askari, akitoka mara moja tu kwa siku kula na kunywa. Tukamwekea yote tisa, kila moja na tarehe yake.

Siku ya saba Gladness alisema ni wakati wa kuyapima kwa tochi. Inatakiwa giza totoro, alisema, na ilikuwa saa tano asubuhi, jua la Buhongwa linapasua mawe. Madirisha yetu yana mapazia mepesi. Tukatazamana, na wote watatu macho yetu yakaenda mahali pamoja, kwenye kabati langu. Lilikuwa bado limesimama pale uani. Sikuwa nimethubutu kuligusa wala kulivunja.

Tuliingia, Bushra, Gladness na mimi, tukiwa tumeinama kupisha fito, bakuli la mayai limefunikwa kwa kanga. Nilivuta mlango. "Fuu." Bushra akaziba tundu la ufunguo kwa pindo la mtandio wake, na mwanga wa mwisho ukatoka.

Ndugu yangu, nilikuwa sijawahi kuingia ndani ya kazi yangu mwenyewe. Dakika ya kwanza nilihisi joto. Ya pili, kifua kikaanza kubana na ile harufu, ingawa wiki tatu zilikuwa zimepita, ikanipanda puani. Nilisikia pumzi za wenzangu zinakuwa fupi, na nikajua wote tunafikiria usiku mmoja. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwao. Jogoo alikuwa hapa. Nilitaka kufungua, na sikufungua, kwa sababu Gladness alikuwa ameshawasha tochi ya simu na kuifunika kwa kikombe cha mbao nilichokitoboa juu tundu la duara, akaweka yai la kwanza.

Lilikuwa la manjano tupu, kama taa. "Hili hapana," alisema. La pili, hapana. Bushra alivuta pumzi akaizuia. Gladness akaweka la tatu.

Yai lote liliwaka jekundu. Ndani yake kulikuwa na mishipa myembamba, myembamba kuliko uzi wa kushonea, imetoka mahali pamoja ikatawanyika pande zote, ikajigawa, ikajigawa tena. Na pale katikati palikuwa na kitone cheusi kinarukaruka. Hakikutulia. Tuki, tuki, tuki.

"Nini hicho?" nilinong'ona, ingawa nilijua.

"Moyo, mzee."

Bushra alinishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu, kucha zikaingia, wala sikujitoa. Nimeona bahari mara moja, nimeona ziwa likichafuka, nimemwona mwanangu Yassin akizaliwa mlangoni mwa zahanati. Sikumbuki kama niliwahi kuogopa kwa namna ile, woga usio na adui, unaokufanya utake kuvua viatu. Mwenye moyo ule, baba yake nilimzika mimi pembeni ya ukuta. Nilimuua. Na moyo ule ulikuwa unadunda.

"Anapataje hewa humo?" Bushra aliuliza gizani. "Kumefungwa kote."

"Hakujafungwa, mama. Ganda lina matundu maelfu, madogo hayaonekani kwa jicho. Hewa inaingia, uchafu unatoka. Ndiyo maana ukilipaka yai mafuta mazito, au ukilipaka..."

"Vanishi," nilimalizia.

"Ndiyo, mzee. Anafia ndani."

Nililichukua yai lile mkononi. Nikalizungusha kwenye mwanga nikitafuta kiungo. Hakuna. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna mahali ambapo fundi aliweka alama ya patasi. Sijawahi kuona kisanduku kilichofungwa vizuri kuliko kile, wala sitakiona. Na Aliyekifunga alikumbuka kukitoboa matundu maelfu. Mimi nilibakiza moja, nalo kwa bahati.

Machozi yalinitoka, na nashukuru palikuwa giza.

"Fungua mlango, Baba Yassin," Bushra alisema. "Wanataka hewa hawa."

Baba Yassin. Nilifungua.

Yenye uhai yalikuwa manne. Siku ya kumi na nne tulipopima tena, moja lilikuwa limetulia, mishipa imekatika. Yakabaki matatu. Siku ya ishirini na moja, Jumapili, moja lilianguliwa asubuhi na mapema: kifaranga mwekundu, mzima, shingo imejaa malaika ya manyoya mpaka kidevuni. Mzuri, lakini ni baba yake mtupu. La pili lilikuwa limetobolewa kwa ndani na kifaranga amefia mlangoni, mdomo umetokeza. Bushra alilifunga kwenye kitambaa akakaa nalo kidogo kabla ya kunipa.

Likabaki moja. Penseli yangu ilisema tarehe kumi na mbili, siku ya kumi na moja tangu jogoo afe. Saa sita halina ufa. Saa tisa halina ufa. Kishingo alishaanza kuinuka kiotani kumfuata mtoto wake wa kwanza, na mama akishaondoka, lililobaki hupoa. Gladness alipopita alilishika akaliweka sikioni.

"Sijui, mama," alisema. "Wengine huchoka."

Bushra alilipokea. Alikaa chini, palepale kwenye maranda ya mbao, akalifumbata yai kwa viganja vyote viwili na kulisogeza mdomoni. Tangu niwazike wale wanne hakuwa amewaita kuku hata mara moja. Alikuwa anawawekea chakula kimya kimya na kuondoka. Sasa aliita. Polepole, sauti ikianzia juu na kushuka, kama pale mlangoni Magu.

"Tiii-ti-ti-ti. Tiii-ti-ti-ti."

Akasikiliza. Kishingo aligeuza kichwa. Uani palikuwa kimya mpaka nilisikia nyavu zikigusana kwa upepo.

"Tiii-ti-ti-ti."

Na yai likaitika.

Ilikuwa sauti ndogo mno, "piu", kutoka ndani, ikifuatiwa na kugonga. Gladness akasogeza sikio. Bushra aliita tena, na tena likaitika, na kila alipoita kugonga kulizidi, mpaka ganda likapata nyota, kisha ufa, kisha tundu la kwanza. Mdomo mweupe ulichomoza kwenye tundu ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Nilikuwa nimeshauona mdomo wa namna hiyo, kwenye tundu la namna hiyo.

Ilichukua saa mbili. Nilikosa swala ya jamaa na Mungu anisamehe. Sidhani kama nilikuwa mbali naye. Alipotoka, alikuwa kama kitambaa kilicholowa, hana umbo. Bushra alimfuta kwa pindo la kanga, kuanzia mkiani kuja kichwani, na alipofika mabegani kidole chake kikasimama. Kutoka pale mpaka chini ya taya palikuwa na ngozi tupu, nyekundu, ya aibu, mbaya kabisa.

"Kishingo," alisema. Akacheka huku analia. "Mama! Kishingo!"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi. Nilikuwa nayo tangu wiki ya kwanza, nikiyapiga msasa kila usiku. Nikafungua mdomo, na lililotoka ni neno moja tu, "Nisamehe," halikuwa hata na mkono wa kwanza wa vanishi.

"Shika," alisema, akaniwekea kifaranga kiganjani.

Hakuwa na uzito. Ubavu wake mmoja ulikuwa unapanda na kushuka juu ya ngozi yangu ngumu ya kidole gumba, haraka haraka, na nilikaa hivyo, sikuthubutu kukunja mkono, nikimsikiliza mtu mdogo akivuta hewa.

"Anapumua," nilisema.

"Anapumua," Bushra alijibu. "Sasa mrudishe kwa mama yake."

Kabati bado liko uani. Nimeling'oa mlango tukaweka pumba na majembe. Machotara wananipa mayai kila siku wala hawana habari na yote haya. Na kila alasiri, nikiwa nimesharudi kutoka Mirongo na nimeanza kazi ndogondogo pale kivulini, Bushra hutoka na chenga za mchele kwenye kibakuli, anasimama mlangoni na kuita kama mama yake. Kishingo mzee huja mbele, yule mwekundu nyuma yake, na wa mwisho yule wa shingo tupu, anakimbia huku miguu inagongana. Jana alipoita, niliweka randa chini nami nikaenda.